Kijani cha Njambi

Ukiwa umewahi kuzika mtu Eldoret au vijiji vinavyoizunguka, huenda Ephantus Muchiri ndiye aliyemvisha marehemu wako nguo. Hakumvisha kwa mikono. Studio yake iko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea na dawa za ng'ombe, na kwa miaka ishirini na minane amekula kwa picha za pasipoti, za harusi zikipatikana, na za marehemu. Hizi za mwisho ndizo zenye ufundi. Familia inakuja na kitambulisho cha mzee, au na picha ya simu aliyopigwa akikamua, shati halina vifungo viwili, nao wanataka kufikia kesho kutwa awe kwenye programu ya mazishi akiwa na suti. Ephantus anakata kichwa kwa kompyuta, anakiweka juu ya suti, analainisha shingo mpaka mshono unapotea, na mzee ambaye hakuwahi kufunga tai maisha yake yote anaagwa akifanana na mbunge. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa wanaume alikuwa na suti sita. Kwa wanawake alikuwa na nguo nne: ya zambarau, ya rangi ya krimu, ya buluu yenye shanga, na ya kijani yenye pambo la dhahabu kifuani upande wa kushoto. Alizitoa mtandaoni zamani sana. Wanawake waliozivaa kwanza hakuwajua. Aliwaondoa vichwa akabaki na nguo.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, mkewe Njambi alianguka sokoni akiwa ameketi kwenye mashine yake ya kufuma sweta za shule. Ilikuwa presha. Alifika hospitali akiwa bado anapumua, akafa kabla ya jioni. Walikuwa wamekaa pamoja miaka ishirini na saba.

Siku ya tatu Ephantus alipanda ngazi za studio saa nne asubuhi kutengeneza programu ya mazishi ya mke wake, na hapo ndipo alipogundua kwamba hana picha yake. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Picha za harusi yao ziliungua pamoja na nyumba mwaka ule wa fujo za baada ya uchaguzi. Baada ya hapo, kila walipokwenda kazini pamoja, Njambi ndiye aliyeshika taa, na anayeshika taa haingii kwenye picha. Kwenye simu alikuwemo mara mbili, mara zote mbili ameinua kiganja kuziba uso. Kilichobaki kilikuwa kitambulisho.

Kwa hiyo alifanya kama anavyofanya kila siku. Alijua kwamba Njambi alikuwa ameshona nguo ya kijani ya kuvaa kwenye mahafali ya binti yao Njeri, na kwamba alikufa kabla ya kuivaa. Kijani ninayo, akasema. Akakikata kichwa, akakiweka juu ya nguo ya kijani yenye pambo, akalainisha shingo. Kazi ilichukua dakika arobaini. Akazichapa programu mia tatu, akafunga mlango, akashuka kwenda kunywa chai, na chai haikuwa na ladha yoyote.

Mazishi yalikuwa shambani kwao Cheptiret. Jeneza lilikwisha kufungwa, mchungaji anasoma, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na programu mapajani. Jeruto, au Mama Kiplimo, fundi wa cherehani aliyefanya kazi kibanda kimoja na Njambi miaka kumi na tisa, aliitazama yake kwa muda. Huyu Jeruto hakuwa mtu wa kupita tu. Mwaka ule wa fujo ndiye aliyeificha mashine ya Njambi nyumbani kwake miezi mitano, na iliporudi ilikuwa imetiwa mafuta. Alisogea mpaka alipokuwa Ephantus, akainama.

"Baba Njeri," alinong'ona, "huyu ni nani?"

"Ni Njambi."

"Uso ni wa Njambi. Nguo ni ya Mama Jepchirchir. Si tulimzika wiki ya Pasaka?"

Safu ya nyuma mwanamke mmoja alikwisha kufungua Biblia yake. Wanawake wa huku huhifadhi programu za mazishi ndani ya Biblia, na katikati ya Zaburi akazitoa mbili, akaziweka kando ya ile mpya. Marehemu watatu, nguo moja, pambo moja la dhahabu upande wa kushoto. Programu zilianza kupita mkono kwa mkono. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka.

"Na tena," Jeruto akasema, sasa kwa sauti ya huruma, "green ya Njambi haikuwa hii. Hii ni ya chupa. Mimi ndiye nilimvalisha yake akiingia kwa jeneza, najua."

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Ephantus alikuwa ametazama. Asubuhi hiyohiyo, kwenye chumba cha maiti, alisimama mbele ya jeneza lililo wazi, pengine dakika mbili nzima. Akajaribu sasa kukumbuka alichokiona. Alikumbuka pamba. Alikumbuka kwamba taa moja ya darini ilikuwa ikipepesa. Nguo hakuikumbuka, wala shingo yake, wala mikono. Alingoja aibu imshike, haikumshika. Alijua tu kwamba amekosea, vile mtu anavyojua kwamba leo ni Jumamosi.

Basi akarudi kazini. Watu walisema Ephantus ni mwanamume kweli, hata wiki mbili hazijaisha na studio iko wazi. Hawakujua kwamba hakuwa anajikaza. Hakukuwa na kitu cha kujikazia. Alipiga pasipoti, akasema inua kidevu, akasema usitabasamu, akala kinapopatikana chakula, akalala upande wake wa kitanda. Krismasi ilipita akadhani ni Jumapili ndefu.

Januari Njeri akapiga simu kutoka Nakuru, ambako anafundisha. Alitaka wafunue msalaba mwezi wa Julai, mwaka ukishatimia, kama desturi. Msalaba wa saruji, na katikati yake picha ya kigae, ile inayochomwa kwenye tanuri ili mvua isiifute.

"Lakini Baba, usimweke na ile nguo," Njeri alisema. "Ukimweka na ile nguo ya kila mtu, mimi siji."

"Nitaweka ile ya kitambulisho."

"Kwa kitambulisho amenuna kama ameshikwa na polisi. Tena ni black and white. Mimi nataka Mum na nguo yake. Ile alishona juu ya graduation yangu."

"Uliiona?"

Siku ile ya chumba cha maiti Njeri alikuwa amebaki nje, ameshindwa kuingia. "Sikuiona," akasema. "Wewe si uliiona?"

Ephantus alisema ndiyo. Ulikuwa uongo, na hata huo haukumuuma.

Kesho yake akaenda sokoni kwa Jeruto. Mashine ya Njambi ilikuwa bado pale, imefunikwa kwa gunia safi. Jeruto alimchorea ile nguo kwa chaki kwenye karatasi ya kaki bila kufikiri mara mbili: kola ndogo, mikono ya kufika kwenye viwiko, mshono wa kiunoni, vifungo vitano. Ephantus akasema hiyo anaweza kuitengeneza, shida ni rangi. Je, hakubaki hata kipande?

"Kilikuwa kitambaa cha mtumba, Baba Njeri, kipande kimoja tu, kilitoka kwa bale ya mapazia. Vipande vilivyobaki tuliwasha navyo jiko. Nani angejua?"

Alikuwa amekuja na karatasi ya rangi kutoka kwenye kompyuta, kijani themanini kwenye ukurasa mmoja. Jeruto alivaa miwani, akaipitia, akairudisha.

"Hizi zote ni za plastiki," alisema. "Njambi alipoinua hicho kitambaa kwa bale alisema hivi: hii nimeiona mahali, na si dukani. Ilikuwa rangi ya kitu cha nje. Sasa wewe enda huko nje ulete, mimi nitakwambia."

Hivyo ndivyo Ephantus, ambaye kwa miaka ishirini na minane alipiga watu mbele ya kitambaa cheupe, alivyoanza kupiga majani. Studio ikawa inafungwa Jumatatu. Jumanne alipanga picha zilizochapwa kwenye meza ya kukatia nguo, mlangoni penye mwanga wa jua, kwa maana yeye ni mtu wa kazi na anajua simu hudanganya rangi. Jeruto alizipitia moja moja.

"Hapana. Hapana. Hii ni ya ndizi. Hii hapana. Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Chai na mandazi mawili."

"Wapi?"

"Kaptagat."

Kaptagat ndiko alikoanzia, kwa sababu Januari ni kiangazi na kijani kilikuwa kimekimbilia msituni. Saiprasi zilikuwa na kijani kizito kinachokaribia weusi, lakini kwenye ncha za matawi kulikuwa na kingine, laini, cha jana na juzi. Alipiga vyote viwili. Alipiga kuvu juu ya mawe, alipiga ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye miti mizee, ambazo ukizisogelea unaona nazo ni za kijani, ila zimechoka. Wanariadha walipita wakikimbia kwa kundi. Mmoja, mwenye jaketi la bei, alipunguza mwendo na kujiweka sawa, akidhani huyu ni mwandishi wa habari.

"Songa kidogo," Ephantus alimwambia. "Unaziba mti."

Wiki nyingine aliteremka bondeni, Kerio, ambako jua lilimpiga utosini na kijani ni cha kutafuta kwa tochi: mkonge, mshubiri, mgunga unaojibania majani yake kama bahili. Huko alikuta kichaka cha leleshwa, ambacho jani lake juu ni kijani na chini karibu ni jeupe, na upepo ukivuma kichaka kizima kinabadilika mbele ya macho yako. Alikaa hapo saa nzima akiligeuza jani moja. Alikwenda Nandi kwenye chai, akakuta vilima vyote vimenyolewa kichwa kimoja, na bado kati ya chai iliyochumwa juzi na ya wiki iliyopita palikuwa na kijani tofauti, akazipiga zote. Alikwenda bwawani Kesses, akapiga matete, akapiga utando unaoelea majini penye maji yaliyolala. Nyuma ya kila picha aliandika mahali, saa na hali ya mawingu. Macho yake yalikuwa makali kuliko yalivyowahi kuwa. Moyo ulikuwa kimya. Aliweza kukwambia tofauti ya jani la mhindi na jani la mtama kwa umbali wa hatua ishirini, lakini ungemuuliza kama ni zuri angekutazama tu.

"Hii je?" alimuuliza Jeruto mwezi wa pili, akimwonyesha leleshwa.

Jeruto aliikazia macho. "Karibu," alisema. "Lakini imekauka sana. Njambi yake ilikuwa na maji. Leta ingine. Umekula?"

Mvua ilianza mwisho wa Machi, na hapo kazi ikaharibika kwa wingi. Kila kitu kilikuwa kijani. Kingo za barabara, mitaro, paa za nyumba za zamani, hata nguzo ya stima nje ya studio ilivaa kijani upande wa kivuli. Siku moja alipiga picha sitini bila kuvuka uwanja mmoja. Jumanne zile Jeruto alichelewa kuamua. Alikuwa akiishika picha moja muda mrefu, akiiweka, akiirudia, kisha anasema hapana.

Studio nayo ilianza kupata shida. Mwezi wa nne ilikuja familia kutoka Kaptagat, kaka wawili na dada mmoja, na kitambulisho cha mama yao. Walitaka nguo ya krimu.

"Alipenda kuvaa rangi gani?" Ephantus aliuliza.

Walitazamana. Kaka mkubwa akasema nyekundu. Dada akasema mama hakuwahi kuvaa nyekundu, alisema ni rangi ya nyuki kukufuata. Mdogo akasema alikuwa na sweta fulani, halafu akashindwa kusema sweta lilikuwa la rangi gani, akabaki akikuna shingo.

"Nendeni mkaulizane," Ephantus akasema. "Mkishajua, rudini."

"Sasa wewe ni wa picha ama ni wa polisi?" kaka mkubwa alifoka, na wakaenda kwa mpiga picha wa jirani, ambaye hakuwauliza kitu. Ephantus aliwatazama wakishuka ngazi. Alijua amefukuza riziki yake kwa mdomo wake, na hata hilo lilimpitia.

Mwisho wa Juni picha zilikuwa zimepita mia nne. Fundi wa vigae alisema, kama wanataka kigae kiwe tayari Jumamosi ya pili ya Julai, lazima apate picha Ijumaa hiyo. Jumanne Ephantus alifika sokoni na thelathini za mwisho. Alizipanga. Jeruto alivaa miwani na kuanza.

"Hapana," alisema. "Hapana." Akaishika ya tatu, jani la kiazi lenye umande. Akaishika. Kisha akaiweka chini, akavua miwani, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye mfuko wa aproni.

"Baba Njeri, keti."

"Niko sawa nikisimama."

"Keti, nimesema." Alipoketi, Jeruto hakumtazama, alitazama lile gunia lililofunika mashine. "Mimi sijui tena."

"Hujui nini?"

"Ile green. Mwezi wa pili nilikuwa nayo hapa." Aligusa kipaji cha uso. "Ningeiona popote. Halafu ukaleta zako, ukaleta na zingine, kila wiki. Ikaanza kuhama. Leo nafikiri ni hii, kesho nafikiri ni ile. Mwezi wa nne nikaitafuta kichwani nikapata zako tu, zote, lakini yake haiko. Imeenda."

"Lakini umekuwa ukisema hapana."

"Nilikuwa nasema hapana."

"Miezi mitatu."

"Ningesema nini? Ningesema ndiyo kwa kitu sijui? Na nikikwambia nimesahau, ungerudi huko juu ukae na kile kitambaa chako cheupe. Ulikuwa hata huli. Ukitembea, unakula. Nilikuwa naona." Aliifuta meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Pengine hata ulishaileta. Pengine niliishika kwa mkono nikakuambia hapana. Nisamehe."

Basi Ephantus alikasirika. Kwanza hakutambua ni nini. Masikio yakawa ya moto, na aliposimama kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa hajahisi kitu kwa mwaka mzima, na cha kwanza kurudi kilikuwa hasira, tena juu ya mtu aliyemtunza.

"Ulikuwa wewe peke yako, Mama Kiplimo," alisema, na sauti ikatoka kubwa mpaka muuza vitunguu akageuka. "Wewe peke yako duniani ndiye ulikuwa umebaki unaijua. Ukaniacha niifute!"

Jeruto hakujitetea. Alikuwa analia bila kelele, mikono juu ya picha. Ephantus akaondoka bila kuzichukua.

Alipanda bodaboda, akamwambia mwendeshaji Cheptiret. Alikuwa anakwenda kumwambia fundi wa saruji asiache nafasi ya picha. Msalaba uwe mtupu, jina na tarehe, basi. Afadhali utupu kuliko nguo ya kuazima, na Njeri akitaka asije. Njiani alikuwa akigombana na Jeruto kichwani, halafu akagombana na Njambi, ambaye angeweza kushusha kiganja mara moja tu, mara moja katika miaka ishirini na saba, apigwe picha kama watu. Halafu akakumbuka ni nani aliyekuwa na kamera nyumba ile. Mara ngapi alimwambia shusha mkono? Hakukumbuka hata mara moja. Alikuwa akisema sogeza taa.

Barabara kuu ilikuwa na msongamano wa malori, na mwendeshaji akakata kwa njia ya vumbi kupitia Kesses. Katikati ya mashamba Ephantus akaomba ashuke. Msije mkadhani aliona uzuri. Ilikuwa haja ndogo, na mzee wa miaka hamsini na minane hawezi kuibishia. Alipomaliza akageuka, na mbele yake palikuwa na ngano, ekari kwa ekari, changa, imefika magotini. Haikuwa kijani kama mahindi. Ndani yake mlikuwa na kitu cha buluu, kama moshi wa jiko asubuhi, na upepo ulipopita rangi ilifunguka na kujifunga tena.

Alikuwa na kamera begani, lakini hakuiinua mara moja. Hakujiuliza kama Njambi aliwahi kusimama hapa, wala Jeruto angesema nini. Jambo lililomjia lilikuwa dogo, na lilimjia bila kuitwa: hii ingemkaa Njambi. Ingekaa vizuri na ngozi yake, na shingo yake iliyokuwa na mstari mmoja mwembamba kama uzi. Ule mstari alikuwa ameusahau kabisa. Mwendeshaji wa boda alipiga honi, kisha akazima pikipiki na kungoja.

Akapiga picha moja. Kisha wakaenda Cheptiret, na fundi wa saruji alipomuuliza vipimo vya nafasi ya kigae, Ephantus alimpa.

Jumamosi ya pili ya Julai watu walikuja, wachache kuliko siku ya mazishi, kama ilivyo ada. Jeruto alikuja na sufuria ya wali na uso wa mtu asiyejua kama amealikwa. Ephantus alimpokea sufuria, akasema, "Karibu, Mama Kiplimo," na akamvutia kiti safu ya mbele. Hakusema zaidi, kwa kuwa hasira ilikuwa bado ipo kidogo. Njeri alikuwa amefika usiku uliotangulia na hakuwa ameuliza chochote kuhusu picha.

Mchungaji akaomba, kitambaa kikaondolewa. Njambi alikuwa katikati ya msalaba, uso wa kitambulisho lakini Ephantus alikuwa ameulegeza kwenye mdomo kwa kazi ya siku mbili, na chini ya uso palikuwa na kola ndogo, mikono ya kufika viwikoni, vifungo vitano. Mstari mwembamba ulikuwa shingoni. Safari hii hakulainisha kitu. Wanawake walisogea. Mmoja alikuwa na Biblia mkononi, akatazama kwa muda, na hakuifungua.

Njeri alimvuta babake kando.

"Ndiyo hii?" aliuliza. "Green yake?"

"Sijui."

"Mama Kiplimo amesema ndiyo?"

"Hata yeye hajui tena. Hakuna anayejua, Njeri. Na mimi nilikudanganya ile siku ya simu. Sikuiona. Nilisimama pale na sikuiona."

Njeri alimtazama, macho yamejaa. "Sasa hii ni nini umemvisha?"

"Ni ngano. Ya huko Kesses." Ephantus alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili na alikuwa akiizungusha. "Nimemchagulia mimi. Miaka ishirini na saba sikuwahi kumchagulia mamako nguo. Hata kitambaa cha kichwa. Alikuwa anajinunulia, anajishonea, anavaa, na mimi namwambia ashike taa. Hii ndiyo ya kwanza."

Njeri alirudi mbele ya msalaba. Akaipangusa picha kwa ncha ya shali lake ingawa haikuwa na vumbi, akainamisha kichwa upande mmoja kama wanawake wanavyofanya wakimtazama mwenzao akitoka kwa fundi.

"Imemkaa," alisema.

Ephantus akaketi kwenye ukingo wa kaburi, na suti yake nzuri, kwenye saruji ambayo ilikuwa bado na unyevu, akalia mpaka wakamletea maji.